Mkono wa Yoabu

Mwanamke wa kwenye skrini analia, lakini sauti inayotoka ni ya mwanamume. Aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda umiza anaijua hali hiyo: filamu imetoka India, China au Nigeria, na mtafsiri ameingiza sauti yake juu ya sauti zote; yeye ndiye jambazi, ndiye polisi, ndiye mtoto, ndiye mama aliyefiwa. Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, aliifanya kazi hiyo ikawa sanaa kamili, hata wapo waliofuata sauti yake kuliko picha. Sina ugomvi na ufundi huo. Naanza nao kwa sababu unaweka mbele ya macho jambo ambalo mijadala yetu kuhusu dini na uigizaji hulipita pembeni. Tunabishana, miaka nenda miaka rudi, kama mwanamke anayeigiza anatenda dhambi. Ni nadra tuulize maneno anayoyasema ni ya nani.

Swali hilo lina uzito wa pekee Mbinga na mwambao wa Nyasa, kwa sababu huku watu wamefundishwa kwa vizazi kadhaa kuchunguza dhamiri. Wabenediktini waliweka makao Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakawa Kigonsera, kwenye njia ya kuingilia nchi ya Wamatengo. Upande wa ziwa Waanglikana wa UMCA walivuka kwa meli kutoka kisiwa cha Likoma na kujenga misheni Liuli. Binti wa Litembo au wa Mbamba Bay akitangaza kwamba anataka kutunga filamu zake na kuzicheza mwenyewe, bila kampuni ya Dar es Salaam nyuma yake, swali la kwanza halitakuwa kamera ataipata wapi. Simu ya mkononi siku hizi inarekodi picha safi, na lami imeshateremka hadi ziwani. Swali la kwanza litatoka kwa wazee wa kanisa na kwa shangazi zake: mwanangu, utaishi kwa kusema uongo? Na huo mwili wako utauweka mbele za watu namna gani?

Tuanze na la uongo, maana ndilo jepesi. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, alijutia katika Maungamo yake machozi aliyoyamwaga ujanani katika majumba ya maonyesho ya Karthago. Lakini huyohuyo, katika Soliloquia, alikuwa ameshaona kitu ambacho wakali wengi wa baada yake hawakukiona. Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, alipomcheza Hekuba, malkia aliyefiwa, alikuwa Hekuba wa uongo. Lakini bila kukubali kuwa Hekuba wa uongo asingeweza kuwa mwigizaji wa kweli. Yaani upo uongo ambao ni sharti la ukweli wa aina nyingine. Anayedanganya anataka usijue. Anayeigiza anataka ujue, kisha uamini hivyohivyo. Karibu karne tisa baadaye Tomaso wa Akwino aliona kwamba kazi ya waigizaji si dhambi yenyewe kama inafanywa kwa kiasi. Na Papa Yohane Paulo II, aliyewaandikia wasanii barua mwaka 1999, alikuwa mwigizaji wa jukwaani huko Krakow kabla ya kuwa padri. Hao wote hawajulikani kwa ulegevu wa maadili.

Kama hao ni wa mbali, mkoa wetu wa Ruvuma una wa kwake. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa wilaya ya Songea, alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu mwaka 1952, wakati wa mkoloni: mtu wa shamba anayeingia mjini na kufanyiwa ujanja. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hakuna aliyelalamika kwamba nchi imekabidhiwa kwa mshamba. Watu walijua kwamba uhusika huvaliwa na huvuliwa. Sasa mchukue mwigizaji wa kike wa Bongo Movie aliyecheza nyumba ndogo ya mtu, umpitishe sokoni: jina la mhusika litamfuata hadi kwenye mafungu ya nyanya, na si kwa utani. Utasema Kawawa alicheza mjinga, hakucheza mzinzi, na ujinga hauna unajisi. Basi angalia Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu inayoigizwa na vijana wa parokia. Yuko anayekuwa Yuda, yuko anayepiga mijeledi, yuko anayenawa mikono. Jumapili ya Pasaka yule Yuda anapanga foleni ya Komunyo kama wenzake, na hakuna anayemkazia macho. Akili ya kutofautisha vazi na mvaaji tunayo. Ila tunaitoa kwa mgawo, na mwanamke akifika dirishani anaambiwa imekwisha.

Hoja ya mwili ni nzito zaidi, na wasanii wanaoicheka hawajaifikiri. Neno la skripti linaweza kuwa la mtu mwingine, lakini shavu linaloguswa ni lako. Machozi ya mwigizaji ni maji ya kweli, yana chumvi. Ni kweli kwamba umbo na ukweli havigombani siku zote: mwanamke anayefika msibani huanza kulia akiukaribia uwanja, na waliomo ndani, waliokuwa wameshanyamaza, huanza upya kumpokea. Kilio kile kina mahali pake pa kuanzia na pa kukomea, hata maneno yake yana mpangilio, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwambia mfiwa kwamba anaigiza. Lakini msiba hautoshi kujibu kila kitu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, na anayelishika fundisho hilo ana haki ya kusema kuwa kuna mambo ambayo mwili hauwezi kuyafanya kwa mfano tu. Busu la kwenye skrini ni midomo ya watu wawili wenye majina. Nakubali. Ila nikishakubali nauliza: mstari huo usiovukwa, nani anauchora? Katika filamu zinazopigwa haraka, za siku chache na pesa kidogo, mwigizaji hufika lokesheni asubuhi akaelezwa tukio papo hapo, na kamera ikishawashwa aibu ya kukataa inakuwa yake peke yake. Aliyeandika tukio hilo usiku nyumbani kwake ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuamua kamera ikatwe wapi, kofi liishie hewani na sauti yake iwekwe baadaye, mlango ufungwe watazamaji wakiwa nje. Kwa hiyo anayeuhurumia mwili wa mwanamke kwa sababu za dini alipaswa kuwa wa kwanza kutaka kalamu iwe mkononi mwa mwanamke huyo. Inashangaza kwamba mara nyingi ndiye wa mwisho.

Maandiko yenyewe yana kisa kinachofaa kusomwa pole pole na kila anayetaka kuandika na kucheza. Kiko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 14. Absalomu amemuua nduguye Amnoni na kukimbilia Geshuri. Yoabu, jemadari wa jeshi, anaona kwamba moyo wa mfalme Daudi uko kwa mwanawe lakini mdomo haufunguki. Anatuma watu Tekoa wamlete mwanamke mwenye hekima. Anamwelekeza avae nguo za msiba, asijipake mafuta, awe kama mtu aliyeomboleza siku nyingi. Kisha anamtia maneno kinywani. Mwanamke anaingia kwa mfalme na kujieleza kuwa ni mjane aliyekuwa na wana wawili. Wakagombana shambani, mmoja akamuua mwenzake, na sasa ukoo unamtaka aliyebaki afe. Daudi anaamua kwa huruma, hata kwa kiapo, na hapo ndipo mama anapoigeuza hukumu imwelekee mfalme mwenyewe. Kila kitu cha filamu kimo: mavazi, uso ulioandaliwa, skripti, mhusika, mtazamaji anayenaswa. Wala mwandishi wa kitabu hamkemei kwa uongo. Lakini linganisha na sura ya 12, nabii Nathani anapomsimulia Daudi kisa cha tajiri na kondoo wa maskini. Nathani ana jina, amekuja kwa utume wake, na maana ya kisa anaitamka kwa kinywa chake bila kuulizwa. Mwanamke wa Tekoa anaulizwa swali moja linalommaliza: je, mkono wa Yoabu haumo katika jambo hili? Anakiri umo. Yoabu anaanguka kifudifudi, anashukuru kwamba ombi lake limekubaliwa, anaondoka kwenda kumleta kijana. Mwanamke anatoka kwenye kitabu bila jina.

Aliitwa kwa sababu ya hekima yake, halafu hekima hiyo ikaazimwa ibebe ujumbe wa mwanamume. Je, yeye alitaka Absalomu arudi? Hatuambiwi, na jambo lenyewe halikuwa dogo: Absalomu alirudi, akaasi, watu wengi wakafa vitani, na mwisho alipigwa akiwa ananing'inia mtini na Yoabu huyohuyo aliyempangia safari ya kurudi. Katikati ya maneno yake kuna mahali mama yule anapolinganisha kufa kwetu na maji yaliyomwagika chini. Msomaji wa Kiswahili hushtuka kidogo hapo, maana ni methali yake ya kila siku kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nahisi palepale aliacha kusoma alichopewa akasema cha kwake. Ni lugha ya mtu aliyechota maji, si ya jemadari. Lakini siwezi kuthibitisha, kwa sababu yote, mpaka neno la mwisho, ameyaandika kwenye hesabu ya Yoabu. Hapo ndipo naona uzito wa kimaadili wa uigizaji ulipo. Kuvaa sura isiyo yako mbele ya watu wanaojua ni mapatano, hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza pale mwili ni wa mmoja na neno ni la mwingine, halafu lawama ikagawanywa kinyume: mwenye neno anapata shukrani, mwenye mwili anapata jina baya au hapati jina kabisa. Mwanamke anayeandika anachokicheza hakwepi wajibu. Anaubeba wote, na akiulizwa mkono uliomo ni wa nani anaweza kujibu: ni wangu.

Kuna watakaosema kwamba mambo ya nyumba husemwa nyumbani. Wamatengo wana sengu, desturi ya ukoo kula pamoja kwa mzee na kushauriana, na hoja kwamba ugomvi una mahali pake si ya kudharauliwa. Lakini kisa kilichobuniwa ndicho hasa namna ya adabu ya kusema bila kutaja. Daudi asingemvumilia mtu aliyeingia na kulitaja jina la Absalomu. Alimvumilia mjane asiyekuwepo. Na mwambao huu haukusubiri kamera ili kulijua hilo. Wanaume wana ngoma yao ya mganda, wanawake wana kihoda, au kioda kwa wa milimani. Wimbo hutungwa, hufanyiwa mazoezi, huchezwa uwanjani na walewale walioutunga, na ndani yake anaweza kusemwa mtu ambaye kila mmoja anamjua na hakuna aliyemtaja. Mtunzi na mchezaji kuwa mtu mmoja si ugeni ulioletwa na filamu; filamu ndiyo iliyowatenganisha. Na kwa wanaotaja agizo la mwanamke kunyamaza, ningewakumbusha tu kwamba habari ya kaburi tupu ililetwa kwanza na wanawake, na Luka haoni haya kuandika kuwa mitume waliiona ni upuuzi.

Pingamizi jingine ni la kifundi: filamu si wimbo, ni kazi ya mikono mingi, kwa hiyo kuulizia neno ni la nani ni kuuliza sukari ya kwenye chai ilikuwa ya kijiko gani. Jibu lake liko kwenye miteremko ya Mbinga. Kilimo cha ngolo ni kazi ya watu wawili tangu zamani. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana mpaka mlima mzima ukawa miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba, akazifunika nyasi kwa udongo, akapanda maharage juu ya matuta. Ukisimama upande wa pili wa bonde huwezi kuona kazi ya nani inaishia wapi. Hata hivyo aliyelaza nyasi ndiye aliyeamua kila shimo litakaa wapi. Jembe lilikuja kufuata. Skripti ndiyo hizo nyasi. Mpiga picha, mhariri, mtu wa sauti na waigizaji wengine wote huchimba, na jasho lao ni la kweli, lakini wanachimba ndani ya miraba iliyokwisha kupangwa.

Ndiyo maana uhuru wa filamu huru haupimwi kwa ukubwa wa pesa tu. Yoabu wa leo hana upanga, ana bajeti. Shirika linataka filamu ya dakika ishirini kuhusu mimba za utotoni, lina ujumbe wake tayari, linatafuta sura ya kienyeji ya kuubeba. Msichana wa mwambao anavalishwa nguo za huzuni, anatiwa maneno, anapigwa picha. Ujumbe unaweza kuwa mzuri kabisa. Hata Yoabu alikuwa na hoja. Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliikabili hatari hiyo mapema: walipofanya kazi kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, waliwaachia wanakijiji wenyewe wachunguze matatizo yao na kuyaigiza, na katika kitabu chake cha 1991 kuhusu maonyesho ya umma Mlama aliitetea njia hiyo dhidi ya desturi ya kuwapelekea watu michezo iliyopikwa mjini. Ruvuma ina sababu ya kuelewa. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa na kuunganisha vijiji vilivyojitegemea kweli kweli, kiliheshimika mpaka pale kujitegemea kulipochukuliwa kwa maana yake halisi. Septemba 1969 kikavunjwa, miaka miwili na miezi kadhaa tu baada ya Azimio la Arusha. Kujitegemea kunasifiwa na kila mtu hadi mwenye kujitegemea aanze kuamua.

Neno linapokuwa la mwenyewe, hata kunyamaza kunabadilika. Amandina Lihamba ni mwandishi wa tamthilia na profesa. Katika Maangamizi, filamu ya mwaka 2001, alimcheza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye kwa miaka mingi hasemi. Kimya kile kinasikika kwa sababu tunajua aliyekivaa si mtu aliyekosa maneno. Miaka 20 baadaye ikaja Binti, iliyoandikwa na Angela Ruhinda, ikatayarishwa na kampuni yake na dada yake Alinda, ikaongozwa na Seko Shamte. Wahusika wakuu wanne wote ni wanawake wa Dar es Salaam, na mambo kama kupigwa ndani ya nyumba au kutafuta mtoto bila kumpata yanaonekana kutoka upande wa anayeyabeba, hayakuwekwa pale ili kumrudi mwanamke mtundu kama tulivyozoea. Sisemi ni kwa sababu tu kalamu ilishikwa na wanawake. Wapo wanaume walioandika wanawake vizuri, na wapo wanawake walioandika kama Yoabu. Nasema nyasi zilipolazwa upya, mashimo yalikaa pengine.

Pingamizi ninaloliogopa mimi halitoki kwa wazee wa kanisa. Ni hili: anayejiandikia na kujichezea hana wa kumsahihisha, na mwenye brashi hujipaka rangi nzuri. Tumeziona filamu ambazo mtunzi, mwigizaji mkuu na mtayarishaji ni mtu mmoja, na katika zote yeye ndiye aliyeonewa, ndiye mrembo, ndiye anayesamehe mwishoni akiwa amevaa nyeupe. Kubadilisha mkono wa Yoabu kwa mkono wako halafu ukautumia kujisifu ni kuhamisha dhuluma kutoka kwa mwigizaji kwenda kwa mtazamaji. Sina dawa ya kifundi kwa hilo. Ninacho kipimo kimoja tu, nacho nimekipata kwa Nathani: kisa chake kilikuwa na mkosaji, na mkosaji alikuwa ndani ya chumba. Mtunzi anayecheza mwenyewe anajulikana siku anapojiandikia hatia, na kuiweka kwenye uso uleule anaokwenda nao sokoni.

Tuseme basi mtunzi wetu wa Mbamba Bay anakaa kuandika. Mada kubwa zinamwita, na wafadhili wake tayari. Yeye anaandika mjane anayeuza usipa, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, ambaye sado yake, kopo lake la kupimia, imebonyezwa kitako. Uhusika huo anauvaa mwenyewe. Kamera inakaa karibu na mikono: usipa mkavu unamiminwa, unarundikwa mpaka unatengeneza kilele, mwingine unamwagika pembeni kwa ukarimu, mnunuzi anatazama kilele na hatazami chini, ambako bati limeingia ndani vidole viwili. Hakuna anayehubiri. Mjane anafunga mfuko, anampa mnunuzi baraka za Mungu, na baraka anaitoa kwa moyo. Jioni filamu inaonyeshwa kwenye shuka lililotundikwa, watu wamekaa mchangani, wengine wanamcheka kwa jina lake halisi. Asubuhi, ufukweni, mnunuzi wa kwanza anaipokea sado ya mtu asiyehusika kabisa na filamu ile, na kabla hajaruhusu ijazwe anaipindua.